Hotuba kwa maveterani wa makasia: polepole iwe polepole, kali iwe kali

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwa kundi letu la maveterani (wa umri, si wa vita) tunaopiga makasia hapa Boston. Najua wengi mlikuwa shifti, wengine mmeshahamia mbali, kwa hiyo nimeiandika vilevile nilivyoongea. Picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Assalamu aleikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wengine mambo vipi. Asanteni kwa chai na mandazi, ingawa nimeona kuna watu wamekula mandazi manne na kesho alfajiri wanataka kuingia majini, haya, tutaonana hukohuko.

Wazee wangu, mama zangu, nina swali. Kwa nini mtu anafanya mazoezi mwaka mzima, wiki baada ya wiki, jasho linamtoka, mke nyumbani analalamika, halafu Oktoba inafika anaingia kwenye mbio anatoka na muda uleule wa mwaka jana? Au mbaya zaidi? Kwa nini?

Nasikia mtu hapo anasema umri. Sawa, umri upo, nani atabisha. Baada ya miaka 30 misuli inaanza kupungua, wataalamu wanasema asilimia 3 mpaka 8 kila miaka kumi kwa mtu asiyeitunza, na zinazotangulia kuondoka ni zile nyuzi za misuli za kasi, zile za kushtuka na kuruka, ndo maana unaweza kutembea maili tano bila shida lakini ukikimbilia basi unashika goti. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni nao unashuka. Lakini jamani, umri haukuanza jana. Kwa sheria za World Rowing, shirikisho la makasia duniani, uveterani unaanza mwaka ule unaofikisha miaka 27! Kijana wa miaka 27 tunamwita veterani, hajaoa, hana hata mvi moja. Steve Redgrave wa Uingereza alichukua dhahabu yake ya tano ya Olimpiki Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 38, na kisukari, anajidunga insulini. Elisabeta Lipă wa Romania alichukua ya kwake ya tano Athens 2004 akiwa na miaka 39. Wote hao kwa hesabu zetu ni kundi B, la miaka 36 mpaka 42.

Mimi nasema umri tunausingizia. Tatizo la wengi humu ndani ni kwamba tunafanya mazoezi ya katikati. Sikilizeni vizuri. Ya katikati. Siku ya polepole tunaenda kasi kidogo kwa sababu kuna mtu pembeni ametupita na roho inauma, na siku ya kali tunaenda kivivu kidogo kwa sababu jana hatukupumzika. Kwa hiyo kila siku ni ileile, nusu kali nusu polepole, unachoka lakini huongezeki.

Ngoja niwape habari ya mzee mmoja, huyu ameandikwa na watafiti kabisa kwenye jarida la fiziolojia. Anaitwa Richard Morgan, wa Ireland. Alikuwa fundi mkate, amefanya na kiwanda cha betri, magoti yanalia kama ya kwetu. Maisha yake yote hakuwa mtu wa mazoezi. Alianza akiwa na miaka 73. Sabini na tatu! Mjukuu wake ni mtafiti wa michezo, wakampeleka maabara wakampima akiwa na miaka 92, na wakati huo ameshakuwa bingwa wa dunia wa mashine ya makasia kwa umri wake mara nne. Wakamkalisha avute mita 2000, mapigo ya moyo yakapanda mpaka 153 kwa dakika. Sasa toeni hesabu, ile kanuni tunayopenda ya kukadiria kikomo cha mapigo ya moyo, 220 toa umri, 220 toa 92 ni ngapi? 128. Mzee yuko 153. Kwa hiyo na nyie wenye saa za mkononi zinazowaambia eti mmeshafika kikomo, ziangalieni kwa jicho la pembeni.

Lakini siri ya Morgan si moyo wake. Angalia ratiba yake. Kama dakika 40 kwa siku, kama kilomita 30 kwa wiki. Katika hizo, asilimia 70 ni mwendo rahisi kabisa, asilimia 20 ni mwendo mgumu lakini anaumudu, na 10 tu ndo anavuta mpaka roho inataka kutoka. Halafu mara mbili au tatu kwa wiki ananyanyua vyuma vidogo hapohapo nyumbani. Na anakula protini ya kutosha. Basi. Hakuna dawa ya Kichina hapo.

Mmeona? Rahisi ilikuwa rahisi. Kali ilikuwa kali. Hakuishi katikati.

Sasa rahisi ni ipi? Rahisi ni ile ambayo unaweza kuongea sentensi nzima na mwenzako kwenye mashua bila kukatika pumzi. Ukiwa unajibu "ndio" na "hapana" tu umeshatoka kwenye rahisi. Kasia 18 mpaka 20 kwa dakika, dakika 40 mpaka saa nzima, mnapiga soga. Watu wanaona aibu kwenda hivyo, eti vijana wa chuo wanatupita. Wapite! Wao wana miaka 19, wana kocha, wana mtu wa kuwapikia, wakitoka hapo wanalala. Wewe ukitoka hapo unaenda kumgeuza mgonjwa kitandani masaa kumi na mbili.

Na hili la shifti naomba nilikazie kwa sababu hakuna kitabu cha mazoezi kinachotuandikia sisi. Tuna wauguzi hapa, tuna madereva, tuna watu wa uber za usiku. Mtu akitoka shifti ya usiku asije kufanya zoezi kali. Narudia. Akitoka usiku asije kufanya zoezi kali. Apige polepole nusu saa kama anataka kunyoosha mwili, au aende akalale, kulala nako ni mazoezi. Yupo ndugu yetu mmoja, dereva wa lori, simtaji, anajijua na anacheka hapo, alikuwa anashuka kwenye lori anapanda mashine moja kwa moja, anavuta mpaka anaona giza. Mbavu zikamuuma, akadhani ni baridi, akaendelea, kumbe ubavu umeingia ufa. Ufa wa ubavu ni ugonjwa wetu sisi wa makasia, unaujua kwa maumivu ya sehemu moja, ukipumua ndani inachoma, ukikohoa inachoma. Alikaa nje wiki nyingi. Aliporudi tukamwekea masharti, siku mbili kali tu kwa wiki na kati yake siku mbili za polepole au kupumzika. Mwaka huohuo akapiga muda wake mzuri kuliko yote. Mazoezi alipunguza, na kasi ikaongezeka.

Wale wa Ramadhani mnajua wenyewe, siku hizi inaangukia kipindi mto umeganda au maji bado barafu, tuko ndani kwenye mashine. Polepole kabla ya futari, kali iwe baada ya kula na kunywa, na usingizi ukiwa mfupi sana acheni kali kabisa mwezi huo, hamtapoteza kitu.

Haya, vyuma. Kila veterani hapa anyanyue vitu vizito. Mama zangu nawaangalia nyie hasa. Zile nyuzi za kasi nilizosema zinaondoka, hazirudi kwa kupiga soga mtoni, zinataka uzito. Kuchuchumaa na kuinuka, kunyanyua mzigo kutoka chini mgongo umenyooka, kuvuta kamba. Mara mbili kwa wiki inatosha. Anza na uzito mdogo hata wa kukudharaulisha.

Nije kwenye ufundi, na hapa ndo penye utamu.

Wengi wetu tuliotoka pwani tumekua na mtumbwi na kafi, unaangalia mbele uendako. Tumekuja huku tunakalishwa kinyumenyume, unaangalia ulikotoka, na kiti chenyewe kinateleza. Ni vigumu kichwani. Na mikono yetu inataka kufanya kazi yote, maana kafi ni mikono na mabega. Kasia la mashua hizi si mikono. Ni miguu! Fikiria gari limekwama kwenye tope unalisukuma kwa mgongo, mabega yanagusa tu, kazi yote iko kwenye mapaja. Ndo hivyohivyo. Kasia likishaingia majini unasukuma miguu, miguu ikikaribia kunyooka mgongo unafunguka, halafu mwisho kabisa mikono inamalizia. Miguu, mgongo, mikono. Ukirudi unageuza, mikono kwanza, kisha mwili unainama kutoka kiunoni, kisha ndo magoti yanakunja. Mikono, mwili, miguu. Semeni wote. Mikono, mwili, miguu. Vizuri.

Mnamjua Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa? Alipoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka miwili. Akaenda Paralimpiki ya Tokyo kupiga makasia, mita 2000, kiti chake hakitelezi, anavuta kwa mabega na mikono peke yake. Mita elfu mbili kwa mabega. Sasa wewe ambaye Mungu amekuachia miguu miwili, kiti kinateleza, na bado unataka kuvuta kwa mikono, hebu nieleze, hiyo miguu umekuja nayo ya nini?

Jambo la pili la ufundi ni kurudi mbele, pale kasia liko nje ya maji na wewe unateleza kwenda kukamata tena. Watu wanadhani mashua inakwenda kasi zaidi wakati unavuta. Si kweli. Mashua inakwenda kasi kuliko wakati wote pale umeshamaliza kuvuta na mwili wako unateleza kuelekea tezi, yaani nyuma ya mashua, kwa sababu wewe ndo mzigo mzito humo ndani, wewe ukienda nyuma chombo kinachomoka mbele chini yako. Sasa ukikimbilia mbele kwa pupa ukafika ukajigonga kwenye ubao wa miguu, pa! mashua inasimama. Umelipa kasia zima kununua mwendo halafu umeutupa mwenyewe. Ukiteleza taratibu mashua inakufanyia kazi bure. Bure kabisa.

Kuna dada yetu mmoja hapa, muuguzi, miaka 56, kwenye mashine wanaume wote wa kundi hili wanamshinda. Wote. Mkimweka kwenye mashua ya mtu mmoja hakuna anayemuona mgongo. Niliwahi kumfuata kwa boti ya injini nimwangalie anafanya nini, na kilichonishangaza ni kwamba hafanyi kitu, yaani hana haraka popote isipokuwa sekunde ile kasia linapoingia majini. Mashine haikupimi hilo. Mashine haijui kama kasia lako limezama mno au limerusha maji hewani, haijui kama umeyumba. Kwa hiyo mashine tuipende, ni ya kujengea mapafu na kujipima, lakini tusiisujudie. Na nikiwa hapohapo, ile bawa ya upepo pembeni ya mashine, yenye namba 1 mpaka 10, mnayoiweka kumi kila mtu, mnaiwekea nani? Kumi si ugumu wa kiume, kumi ni kuumiza mgongo. Iwekeni nne, iwekeni tano, vuteni.

Mgongo sasa. Ukilala usiku zile pingili laini za uti zinanyonya maji zinavimba, ndo maana asubuhi mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Saa moja ya kwanza baada ya kuamka zikiwa zimejaa hivyo, kuinama sana ni hatari. Na sisi tunapiga lini? Alfajiri! Umetoka kitandani, umeendesha gari dakika ishirini umekunja mgongo, umeinama kubeba mashua, umekaa, umeanza. Amka mapema, tembea, swali, chemsha chai, zunguka nyumba. Kisha ukifika majini dakika kumi za mwanzo vuta kwa mikono na mwili, ongeza miguu nusu, ndo miguu yote. Na kama nyonga zako zimekaza usilazimishe kufika mbali mbele, shusha ubao wa miguu, kubali kasia fupi kidogo lenye mgongo ulionyooka. Ukiona kasia ni zito, sogeza ile pete inayolizuia ili sehemu ya ndani iwe ndefu zaidi, litakuwa jepesi. Watu wanaona haya kupunguza uzito wa kasia. Haya ya nini, maji yanajua una miaka mingapi?

Nimeona mtu anaangalia saa. Nafika kwenye mbio.

Mbio zetu ni za aina mbili. Za majira ya joto, mita 1000, mnasimama mstari mmoja mnaondoka pamoja. Hizo ndo za kimataifa za maveterani, nusu ya umbali wa Olimpiki, na makundi yanapangwa kwa herufi kutokana na wastani wa umri wa wapigaji, mshika usukani hahesabiwi. 27 ni A, 36 ni B, 43 ni C, 50 ni D, 55 ni E, 60 ni F, inaendelea kupanda mpaka watu wa zaidi ya 80. Kwa hiyo mashua ya watu wanne wenye miaka 62, 58, 47 na 45 wastani wake ni 53, hao ni D. Msimchukie mzee kwenye mashua yenu, huyo ndo anawapandisha kundi.

Za pili ni zile za Oktoba, Head of the Charles, hapahapa mtoni kwetu. Zimeanza 1965, wazo lilitoka kwa Ernest Arlett, Mwingereza aliyekuwa anafundisha makasia chuo kikuu cha Northeastern, na sasa wanakuja watu zaidi ya elfu kumi na moja. Maili tatu, karibu kilomita tano, mashua zinaondoka moja moja kila sekunde kama kumi na tano, unashindana na saa.

Makosa ni yaleyale kwenye zote mbili. Mtu anaanza kama anafukuzwa na mbwa. Nataka niwape hesabu moja muibebe nyumbani. Kwenye mashine, ukivuta mita 500 kwa dakika 2 na sekunde 20 unatoa kama wati 128. Ukitaka kwenda 2 na 10, sekunde kumi tu, ni wati 159. Kasi imeongezeka kidogo sana, karibu asilimia nane. Nguvu imeongezeka robo nzima! Robo! Kwa sababu kasi ikipanda nguvu inayotakiwa inapanda kwa kipeo cha tatu. Majini nako mambo ni karibu hivyohivyo. Kwa hiyo wewe uliyeanza kasi kwa sababu watu wa darajani wanapiga kelele na shangazi yako amekuja na bendera, umekopa nguvu kwa riba ambayo hata benki haithubutu, na utailipa Weeks.

Weeks ndo wapi? Wageni sikilizeni. Ukitoka kwenye daraja la BU (Chuo Kikuu cha Boston) una nafasi ya kutulia, kisha unanyooka mpaka madaraja ya River Street na Western Avenue, hapo jipime, kama unaongea na Mungu wako tayari umeanza kasi mno. Halafu Weeks, daraja la waenda kwa miguu, kona kali upande wa kushoto wa mashua. Pita upinde wa katikati. Mkiwa na mshika usukani mwachieni yeye na msigeuke kuchungulia. Ukiwa peke yako, kumbuka umekaa kinyume, mkono wako wa kushoto ndo uvute zaidi, na anza kugeuza kabla ya daraja, ukisubiri kuliona umechelewa. Wenye kupenda kuona ajali wanajipanga pale juu na kahawa zao, wanakusubiri wewe. Ukipona hapo kuna daraja la Anderson, kisha kona ndefu ya kushoto kwenda daraja la Eliot, na hiyo ndo ya kutoa kila kitu, maana baada ya Eliot umebaki mwendo mfupi tu. Na anayekufikia kwa nyuma mpishe. Ni sheria, ukimziba unaongezewa sekunde, na ukipita upande usio wako wa maboya unaongezewa pia.

Wiki ya mwisho punguzeni umbali, nusu ya kawaida, lakini zile kasia kali chache zibaki ili mwili usisinzie. Chakula msibadilishe. Mtu anaamka asubuhi ya mbio anakunywa kitu cha chupa ya bluu ambacho hajawahi kukinywa maishani, kwa nini? Kula uji wako masaa mawili matatu kabla, vaa nguo za joto mpaka dakika ya mwisho maana Oktoba ule upepo wa mtoni hauna huruma, na usikae kwenye mstari umepoa.

Nilimaliza hapo kukawa na maswali mengi, nitaandika moja tu kwa sababu limeulizwa na watu wanne tofauti, wengine kwa kuninong'oneza pembeni. Mtu anatumia dawa za presha, anavuta mpaka anaishiwa pumzi lakini saa inamwambia mapigo ni 115 tu, afanye nini, aongeze? Jibu ni hapana. Kuna dawa za presha zinazoshusha mapigo ya moyo, zile ambazo majina yake mara nyingi yanaishia na -olol, na ukizitumia hizo namba za saa hazikuhusu tena, mapigo hayatapanda kama zamani hata ufanyeje. Usiache dawa ili saa ipande, na msicheke, nimeshasikia mtu anasema hivyo. Tumia kipimo cha kuongea, sentensi nzima ni rahisi, maneno mawili matatu ni ngumu, kushindwa kabisa ni kali. Ongea na daktari wako kabla ya msimu, mwambie kabisa unafanya mbio, usimwambie tu unafanya mazoezi kidogo. Na ukisikia kifua kinabana, au maumivu yanashuka mkononi au kwenye taya, weka kasia chini, piga filimbi, boti ya uokoaji ije, hapo hakuna kumalizia mita mia zilizobaki.